Uzi maalumu: Muamala unaogusa seva tatu, kwa nini unaning'inia katikati, na namna ya kuukomiti salama bila kuchelewesha watu

BintiMakulu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna jambo linawaumiza watu wetu huku Kanda ya Kati kila msimu wa mavuno na sijaona likijadiliwa humu kwa kina: pesa imekatwa, mzigo haujahamia jina la mnunuzi. Au kinyume chake. Wengi tunalaumu mtandao, tunapiga simu huduma kwa wateja, tunaendelea na maisha. Mimi kazi yangu ni kanzidata, na nawaambia hili linatibika. Nitaandika kirefu, naomba mnivumilie.

Nianze na kisa. Kuna mfumo wa mauzo ya nafaka, jina naliacha, unaotumiwa na wafanyabiashara wa Kibaigwa. Una kanzidata tatu: ya ghala inayosema gunia zipi ni za nani, ya akaunti za fedha, na ya ushuru. Mauzo yakifanyika, zote tatu zibadilike au isibadilike hata moja. Programu inayoziratibu ipo kwenye seva ya peke yake Dodoma mjini.

Siku hiyo umeme ulikatika mjini na betri ya seva ile haikuhimili. Kanzidata zote tatu ziliendelea kuwaka, mratibu tu ndiye aliyezimika. Kwa bahati mbaya kulikuwa na mauzo yaliyofika mahali pabaya kuliko pote: kanzidata zote tatu zimeshajibu "niko tayari", na mratibu hajarudi kuziambia lolote.

Kule ghalani gunia zikafungwa. Mnunuzi hawezi kuzipakia, muuzaji hawezi kumuuzia mwingine, lori limesimama na dereva anadai hela ya kusubiri. Kijana wa zamu akaona kwenye skrini orodha ya miamala inayoning'inia, akaifuta mmoja mmoja kwa `ROLLBACK PREPARED`, amri ya kughairi muamala ulioandaliwa. Foleni ikafunguka, watu wakashukuru. Umeme uliporudi, mratibu akasoma logi yake, yaani daftari lake la kila hatua. Baadhi ya miamala ile alikuwa ameshaiandikia uamuzi wa kukomiti, yaani kuyafanya mabadiliko yawe ya kudumu, ila hakuwahi kuutuma. Akautuma sasa. Fedha ikakomiti, ushuru ukakomiti, ghala likajibu kwamba muamala huo halina. Mnunuzi pesa imeondoka, na gunia kwenye mfumo bado ni za muuzaji.

Niliitwa kusaidia kusuluhisha na logi nimezisoma mwenyewe. Hakuna programu iliyokosea. Na yule kijana simlaumu, maana alikuwa na watu wamemzunguka na mfumo usiompa jibu.

Sasa tuone mambo yanavyokwenda ndani. Utaratibu ule unaitwa kukomiti kwa awamu mbili. Jim Gray, mtu aliyepewa Tuzo ya Turing mwaka 1998 kwa kazi zake za miamala, aliueleza kwenye maandishi yake ya 1978. Awamu ya kwanza, mratibu anawauliza washiriki wote, yaani kanzidata zile: mnaweza kukomiti? Kila mshiriki anafunga mistari ya data inayohusika ili mwingine asiibadilishe, anaandika kwenye logi yake kila atakachohitaji ili akomiti hata akizimwa na kuwashwa tena, anahakikisha logi imefika diskini, ndipo anajibu ndiyo. Awamu ya pili, zikipatikana ndiyo zote, mratibu anaandika neno moja kwenye logi yake, "komiti", analisukuma diskini, kisha anawatangazia.

Muamala unakamilika pale rekodi ya mratibu inapogusa diski. Kabla ya hapo bado unaweza kughairiwa. Baada ya hapo haughairiki, hata kama hakuna mshiriki aliyepata habari.

Na mshiriki akishasema ndiyo, amekabidhi haki yake. Hawezi kughairi kwa sababu huenda wenzake wameshaambiwa wakomiti. Hawezi kukomiti kwa sababu huenda mmoja wao alikataa. Anakaa na kufuli zake akisubiri. Kilichotokea Kibaigwa ni mshiriki aliyekwisha kupiga kura kurudishiwa haki hiyo kwa mkono.

Naendelea, ila kwanza kama kuna swali hapo leteni.

---

MwanaChimwaga

Asante sana mkuu. Mimi niko mwaka wa tatu UDOM. Swali langu: kwa nini asiwekewe muda? Kwamba mratibu asipojibu ndani ya sekunde thelathini, kila mshiriki aghairi mwenyewe. Si wote watakuwa wameghairi?

---

BintiMakulu

Swali zuri, na ndilo wazo la kwanza la karibu kila mtu. Chukua washiriki watatu. Mratibu ameandika komiti, ameutuma ujumbe kwa wa kwanza, na kebo ikakatika kabla hajawafikia wawili waliobaki. Wa kwanza amekomiti na kumpa mteja risiti. Sekunde thelathini zinaisha, wawili wanaghairi. Umepata kisa kilekile cha Kibaigwa, ila sasa kimefanywa na mashine na hakuna mtu wa kumuuliza.

Muda unafaa kabla ya kura. Mshiriki ambaye bado hajasema ndiyo ana ruhusa ya kuchoka kusubiri akaghairi, hakuna atakayeumia. Mratibu naye akikosa kura ya mmoja anaweza kuuvunja muamala wote. Baada ya ndiyo, muda ukiisha kinachoruhusiwa ni kuuliza: kumuuliza mratibu, au kuwauliza washiriki wenzako. Mmoja wao akisema "mimi nimeshakomiti", komiti. Akisema "mimi sijapiga kura bado", kubalianeni aghairi na nyote mghairi. Lakini wote wakiwa wamesema ndiyo na hakuna aliyesikia uamuzi, hakuna wa kumtoa mwenzake.

---

MwanaChimwaga

Darasani tulifundishwa kuna ya awamu tatu inayoondoa huko kusubiri. Mbona hujaitaja?

---

BintiMakulu

Ipo, ni ya Dale Skeen, 1981. Anaongeza hatua katikati: mratibu anawatangazia kwanza kwamba kura zote ni ndiyo, wanakiri kupokea, ndipo anakomiti. Mratibu akifa, waliobaki wanatazamana na kujua pa kwenda. Kwenye karatasi imekaa vizuri, ila inategemea kwamba ukimya maana yake mwenzako amekufa. Mtandao ukipasuka vipande viwili, kila kipande kitaona kingine kimekufa, na kimoja kinaweza kukomiti wakati kingine kinaghairi. Huku kwetu mkongo unakatwa na katapila la barabara mchana kweupe, kwa hiyo sharti hilo halishiki. Ndiyo maana huikuti kwenye kanzidata za kazini.

Na mwaka 1985 Fischer, Lynch na Paterson walithibitisha kihisabati kwamba kama ujumbe unaweza kuchelewa bila kikomo, hakuna utaratibu usiobahatisha utakaohakikisha makubaliano yanafikiwa kila mara, hata akifa mmoja tu. Soma uthibitisho wao, ni mfupi. Ukishauelewa hutapoteza tena muda kutafuta namba sahihi ya sekunde za kusubiri.

---

BintiMakulu (inaendelea)

Sasa tiba yenyewe.

Ugonjwa ni kwamba uamuzi umeandikwa mahali pamoja tu. Diski ya mratibu ikizimika, jibu limezimika nayo. Basi uamuzi uandikwe mahali pengi, na uhesabike umeandikwa pale walio wengi wanapokuwa nao. Hapa inaingia akidi. Sisi wa Dodoma neno hili tunalisikia kila Bunge linapokaa, ila angalia tofauti: Katiba inataka nusu ya wabunge wote, huku nusu haitoshi. Lazima wazidi nusu, ili makundi mawili yoyote yenye akidi yawe na angalau mjumbe mmoja wa pamoja. Mjumbe huyo ndiye anayezuia maamuzi mawili yanayopingana. Nakala tatu zinavumilia kifo cha moja, tano zinavumilia vifo viwili.

Leslie Lamport alitoa Paxos kwa ajili ya kazi hiyo, ikachapishwa 1998. Raft, ambayo Ongaro na Ousterhout waliitoa 2014 ili iwe rahisi kueleweka, inatatua tatizo hilohilo. Kisha mwaka 2006 Gray na Lamport wakaandika pamoja namna ya kukomiti kwa Paxos, na wakaonyesha kwamba awamu mbili za kawaida ni Paxos isiyovumilia kifo hata kimoja. Ukiendesha mratibu mmoja umechagua sifuri.

Mfumo wa Spanner wa Google, uliotangazwa 2012, umejengwa hivyo: awamu mbili bado zipo, ila kila mshiriki, na mratibu pia, si seva moja. Ni kundi la nakala zinazokubaliana kwa Paxos. Seva ikifa, mwingine kwenye kundi anachukua uongozi, anasoma logi ileile, anaendelea pale pale. Kufuli zinashikiliwa kwa muda wa kuchagua kiongozi, na hapo ni sekunde, si mpaka umeme urudi.

Kwa kisa chetu, logi ya mratibu ingekuwa na nakala tatu, moja Dodoma mjini, moja Kibaigwa, moja Morogoro. Umeme wa mjini ungekatika, Kibaigwa na Morogoro wangekuwa akidi, na yule kijana asingeona orodha yoyote.

---

Fundi_Kizota

Dada umeeleza vizuri. Mimi niongeze upande wa vyuma maana ndiko nashinda.

Mkisema "imefika diskini" mhakikishe imefika kweli. Kuna SSD (diski zisizozunguka) za bei poa zinajibu "tayari" wakati data bado iko kwenye kumbukumbu yake ya ndani. Umeme ukikatika hapo, rekodi ya komiti imepotea na mteja ana risiti. Nunueni zenye ulinzi wa umeme kukatika, zile zina kapasita ndani. Kama ni kadi ya RAID (inayounganisha diski kadhaa) yenye kache, yaani kumbukumbu ya muda, angalieni betri yake mara kwa mara, inazeeka kimyakimya.

Kingine: mwaka 2018 watu wa PostgreSQL, programu ya kanzidata, waligundua kwamba kwenye Linux kusukuma data diskini kukishindwa mara moja, ukijaribu tena unaweza kujibiwa imefaulu wakati data ileile imeshatupwa. Wakarekebisha mwanzoni mwa 2019: sasa ikishindwa, seva inajizima yenyewe na kujijenga upya kutoka kwenye logi. Kama bado mnaendesha toleo la zamani, pandisheni.

---

BintiMakulu

Asante fundi, hilo la SSD lichapishwe libandikwe ukutani. Akidi ya nakala tatu zinazodanganya haina maana, hasa zikiwa kwenye jengo moja na umeme mmoja.

Sasa gharama, maana najua mtu atasema yote haya yatachelewesha wateja. Tuhesabu.

Awamu mbili zenye washiriki watatu: kila mmoja anasukuma logi diskini mara mbili, maandalizi na komiti, na mratibu mara moja. Jumla saba. Ujumbe ni minne kwa kila mshiriki: swali, kura, uamuzi, kukiri. Jumla kumi na mbili. Lakini mteja hasubiri vyote. Anasubiri maandalizi, ambayo yanakwenda sambamba kwa wote watatu, kisha rekodi ya mratibu. Hapo anaweza kupewa risiti, mengine yatamaliziwa nyuma yake. Nimeona programu zinazosubiri hadi kukiri kwa mwisho ndipo zimjibu mteja, na hakuna sababu yoyote.

Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika inachukua milisekunde 8 na ushee kwa mzunguko mmoja. Ukisukuma logi kwa kila muamala peke yake, huendi mbali zaidi ya miamala 120 hivi kwa sekunde. Dawa ni kuikusanya: miamala iliyofika karibu pamoja isukumwe kwa mkupuo mmoja. PostgreSQL inafanya hivyo yenyewe, na kadiri foleni inavyokuwa ndefu ndivyo kila mkupuo unavyobeba wengi. Tafadhali msizime `synchronous_commit` kwenye kanzidata ya fedha ili kupata kasi. Ukiizima, seva inamjibu mteja kabla rekodi haijafika diskini, na seva ikianguka, komiti za mwishomwisho zinapotea.

Umbali nao una bei yake. Dodoma hadi Dar ni kama kilomita 450 kwa barabara. Mwanga ndani ya mkongo unakwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi hakushuki chini ya milisekunde 4 na nusu, hata ununue vifaa vya namna gani. Ukipanga safari nne za kufuatana, umekula milisekunde 18 kabla ya kazi yoyote. Kwa hiyo punguza safari za kufuatana.

Kuna mbinu za zamani ambazo bado zinafanya kazi. Watu wa IBM kwenye mradi wa R* walipanga hivi: mratibu akiulizwa habari za muamala asioukumbuka, jibu ni umeghairiwa. Kwa kanuni hiyo kughairi hakuhitaji kusukuma logi wala kusubiri kukiri. Na mshiriki aliyesoma tu bila kubadilisha kitu anasema "mimi nimesoma tu", anaachia kufuli, anaondoka, awamu ya pili haimhusu. Kwenye mfumo wa nafaka, kanzidata ya ushuru mara nyingi ilisomwa tu kujua kiwango, lakini ilikuwa inaburuzwa awamu zote mbili.

Mbinu mpya ninayoipenda ni ya CockroachDB, kanzidata inayosambazwa kwenye seva nyingi, iliingia toleo la 19.2 mwaka 2019. Zamani kwenye mfumo huo ulisubiri maandishi yote yafikie akidi, kisha ukaandika rekodi ya komiti nayo ifikie akidi. Duru mbili. Wao wanaandika vyote kwa pamoja: rekodi ya muamala inawekwa katika hali ya "unakamilishwa" ikiwa na orodha ya maandishi yanayotarajiwa. Maandishi yote yakifika, muamala umeshakomitiwa hata kama hakuna aliyeandika neno komiti. Mratibu akifa, yeyote anayekutana na rekodi hiyo anakagua orodha: vyote vimefika, basi umekomitiwa, kimoja kimekosekana, anakizuia kisiingie tena na muamala unaghairiwa. Duru moja, na usalama ni uleule.

---

Alizeti27

Dada mimi niko Singida, tuna seva mbili tu za PostgreSQL, moja hapa na moja Dodoma. Hela ya Spanner hatuna. Tunafanyaje?

---

BintiMakulu

Kaka, nianze na swali: ni lazima muamala uguse seva zote mbili? Watu wengi waligawa kanzidata kwa sababu idara ni mbili. Kama akaunti ya mwanachama na mzigo wake vinaweza kukaa seva moja, viweke pamoja, muamala uwe wa kawaida na habari hii yote iishe. Mwanachama wa Singida akae Singida na vitu vyake vyote. Watakaovuka mpaka watabaki wachache.

Kwa hao wachache, usianze na awamu mbili. PostgreSQL yenyewe inakuja ikiwa imezizima, `max_prepared_transactions` ni 0, na nyaraka zake zinaonya usiiwashe kama huna kitu cha kusimamia miamala hiyo. Muamala ulioandaliwa ukasahauliwa unashika kufuli na unazuia usafishaji wa `VACUUM`, na ukiachwa sana kanzidata inaweza kujifunga ili kulinda namba zake za miamala zisifike mwisho na kuanza upya.

Fanya hivi. Kwenye seva ya Singida, ndani ya muamala mmoja, punguza salio na uandike mstari kwenye jedwali la "vya kutumwa". Vyote viwili vinakomiti pamoja kwa sababu viko mahali pamoja. Programu nyingine inasoma jedwali hilo, inapeleka Dodoma, na inarudia mpaka ijibiwe. Kila mstari uwe na namba yake ya kipekee, na Dodoma iiandike namba hiyo ndani ya muamala uleule unaoongeza salio. Ikija mara ya pili, inajibu "nimeshapokea" bila kuongeza tena. Kukitokea Dodoma inakataa, labda akaunti imefungwa, unatuma muamala wa kurejesha. Wazo la mlolongo wenye hatua za kurejesha liliandikwa na Garcia-Molina na Salem mwaka 1987, na ndilo pekee linalowezekana unapoongea na pesa za simu, maana kampuni ya simu haitakuruhusu ufunge salio la mteja wake ukisubiri mratibu wako.

Ubaya wake useme wazi kwa wenye mfumo: kuna kipindi pesa imetoka Singida na haijafika Dodoma. Iwe na mahali pake kwenye vitabu, akaunti ya fedha zilizo njiani, na mwanachama aione hivyo kwenye simu yake.

Na kuhusu seva mbili: mbili hazifanyi akidi ikifa moja. Tafuta ya tatu hata ndogo, Manyoni au popote penye umeme tofauti, ishike nakala ya logi tu.

---

GuniaKiloMia

Mimi si mtu wa kompyuta, ni mfanyabiashara hapa Kibaigwa, nimesoma yote na mengine nimeyaelewa. Naomba kuuliza: simu ikiniandikia "ombi halikukamilika, jaribu tena", nijaribu au nisijaribu? Maana nimewahi kukatwa mara mbili.

---

BintiMakulu

Mzee wangu, pole sana kwa hilo. Kwa mfumo ulivyo sasa, usibonyeze. Angalia kwanza salio na taarifa ya akaunti, na kama havijasema kitu subiri ujumbe wa uthibitisho.

Lakini jukumu hilo si lako, na hapa nawaambia wenzangu tunaojenga. Namba ya kipekee ya muamala itengenezwe kwenye simu ya mteja kabla ombi la kwanza halijaondoka, na akibonyeza tena iende ileile. Nikikuta inatengenezwa kwenye seva, najua mtu atakatwa mara mbili, maana ombi la pili litaonekana ni jipya. Na ujumbe "halikukamilika" uandikwe tu pale mfumo una uhakika umeghairiwa. Kama haujui, uandike "bado tunahakiki, usilipe tena".

---

Fundi_Kizota

Na wale ambao tayari wanaendesha awamu mbili na hawawezi kubadilisha leo?

---

BintiMakulu

Endesheni hii kila dakika kwenye kila mshiriki:

`SELECT gid, prepared, owner FROM pg_prepared_xacts WHERE prepared < now() - interval '1 minute';`

Ikirudisha mstari wowote, simu iite. Atakayepokea asiguse mshiriki kwanza. Atafute logi ya mratibu, aangalie `gid` hiyo, yaani kitambulisho cha muamala, imeandikiwa nini. Ikiwa komiti, `COMMIT PREPARED` kwa washiriki wote waliobaki. Ikiwa mratibu yuko hai na hana rekodi, athibitishe kwanza kwamba mfumo wao unafuata ile kanuni ya kutokukumbuka maana yake kughairi, ndipo aghairi kwa wote. Kama logi ya mratibu haisomeki, hakuna kufuta. Kwanza hamisha diski yake kwenye mashine nyingine uiwashe, hata lori lisubiri.

Na haki ya kuendesha `ROLLBACK PREPARED` iondolewe kwa mtumiaji wa zamu. PostgreSQL inamruhusu aliyeuanzisha muamala au msimamizi mkuu tu, kwa hiyo mpe mtu wa zamu akaunti yake ya kusoma, asitumie ya programu. Kibaigwa wote walikuwa wanaingia kwa nywila moja ya programu.